Alijenga, au Alijengesha?

Kwa muda sasa kimekuwa kikizunguka mikononi mwa walimu wenzetu kifungu cha ufahamu kihusucho majumba ya ukoo wa Sheremetev, mmojawapo wa koo zilizokuwa tajiri kupita zote katika Urusi ya zamani. Kwa upande wa sarufi hatuna la kulalamikia. Upatanisho umeshikwa barabara, msamiati ni mpana, na maelezo ya vioo, dari na mabustani yanavutia. Ugomvi wetu ni na kitenzi kimoja. Kifungu chasema kwamba Pyotr Sheremetev "alijenga" jumba la Kuskovo. Kwamba mwanawe Nikolai "alijenga" jumba la Ostankino. Kwamba ukoo huo "ulijenga" jumba jingine kando ya mto Fontanka, katika mji wa St. Petersburg. Na swali la kwanza chini ya kifungu ni hili: "Nani alijenga jumba la Ostankino?"

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amesoma historia kidogo aliandika: "Lilijengwa na watumwa wa Sheremetev." Akapewa sufuri. Mwalimu aliyesahihisha alijitetea kwa hoja tunayoijua sote, kwamba jibu la ufahamu sharti litoke ndani ya kifungu. Hoja hiyo ina nguvu yake katika chumba cha mtihani. Lakini ikiwa kifungu chenyewe kimepotosha, je, kazi ya mwalimu wa lugha ni kuulinda upotoshaji huo kwa wino mwekundu? Sisi tunakataa, na ndugu zetu walimu watuvumilie tueleze kwa nini tunakataa.

Wako watakaosema kwamba tumetoka nje ya uwanja wetu. Kwamba mambo ya mamwinyi wa Urusi ni ya mwalimu wa historia, na mwalimu wa Kiswahili abaki na ngeli zake. Tunawajibu kwamba hapa ndipo hasa uwanja wetu ulipo. Lugha hii imejaliwa kitenzi chenye matawi mengi: jenga, jengwa, jengea, jengewa, jengesha, jengeshwa. Kila mwaka tunawaimbisha watoto matawi hayo ubaoni hadi sauti zikauke. Kisha panapotokea jambo lenye kuyahitaji, jambo ambalo tofauti ya "alijenga" na "alijengeshwa" ni tofauti ya bwana na mtumwa, sisi wenyewe tunalitupa jedwali letu dirishani na kurudi kwenye "alijenga" kama mtu asiyejua neno jingine.

Haifai kulilaumu jumba usilolijua, kwa hiyo tuyatazame kwanza majumba yenyewe. Mwanzo wa fahari ya ukoo huo ni Boris Petrovich Sheremetev, jemadari mkuu wa Tsar Peter Mkuu na mmoja wa waliowaongoza Warusi katika vita vya Poltava mwaka 1709. Mwaka 1706 alikuwa amekwisha kupewa cheo cha kimwinyi kiitwacho kwa Kirusi graf, na mwaka 1712 Tsar akampa kiwanja kando ya Fontanka. Nyumba ya mawe ilikuja kusimama hapo katikati ya karne ya 18, katika zama za mwanawe, Pyotr. Huyo Pyotr alimwoa mwaka 1743 Varvara Cherkasskaya, binti wa ukoo ambao mali yake haikuwa na mfano, na kwa ndoa hiyo mito miwili ya utajiri ikawa mmoja. Ostankino yenyewe iliingia katika nyumba ya Sheremetev kwa njia ya mke huyo.

Kuskovo iko upande wa mashariki wa Moscow, na siku hizi imo ndani ya mji. Jumba kuu lilijengwa kati ya 1769 na 1775 chini ya msanifu Karl Blank. Mtu akilitazama kwa mbali hudhani ni jiwe. Si jiwe. Ni mbao zilizopigwa lipu na kupakwa rangi. Mbele yake kuna ziwa la kuchimbwa, na nyuma yake bustani iliyokatwa kwa mistari kwa mtindo wa Wafaransa. Humo bustanini mna nyumba ndogo ya Kiholanzi, na ya Kiitaliano, na pango la starehe lililopambwa kwa makombe ya baharini, na nyumba ya kioo ya kuhifadhia michungwa wakati wa baridi. Hivi viwili vya mwisho, pango na nyumba ya michungwa, ni kazi ya Fyodor Argunov. Tutarudi kwake.

Katika bustani hiyo kuna kibanda kimoja cha ghorofa kiitwacho Hermitage, ambacho twapenda kila mwalimu wa Kiswahili akijue. Mwinyi alikuwa akiwakaribisha humo marafiki wachache waliochaguliwa, na chakula chao kiliwafikia juu ya meza iliyoinuliwa kwa mtambo kutoka ghorofa ya chini. Wageni hawakuona mpishi wala mwandazi, wala mkono uliokuwa ukivuta kamba. Meza ilizama tupu, ikaibuka imejaa. Wenzetu, hiyo ndiyo kauli ya kutendwa isiyo na "na"! "Chakula kiliandaliwa. Meza iliinuliwa. Jumba lilijengwa mwaka 1775." Na nani? Kimya. Mtambo ule wa Kuskovo ulifanya kwa mbao na magurudumu kile ambacho vifungu vyetu vya ufahamu hufanya kwa kiambishi -w-. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuridhika na wale wanaotushauri tubadilishe "Sheremetev alijenga" iwe "jumba lilijengwa" na kuacha hapo. Huko ni kumwondoa bwana mezani bila kumpandisha mpishi.

Basi walikuwa akina nani waliokuwa ghorofa ya chini? Walikuwa wakulima waliomilikiwa, na hapa twahitaji neno. Waandishi wetu wa historia wamezoea kuwaita watwana. Kwa lugha ya mwambao, mtwana ni mtumwa mwanamume, na neno hilo lina uchungu wake mwenyewe. Hatulikatai, maana uchungu huo unafaa. Sheria ya mwaka 1649 iliwafunga wakulima wa Urusi kwenye ardhi ya mabwana, wao na vizazi vyao, na kadiri miaka ilivyopita kamba ikakazwa, hata katika karne ya 18 bwana aliweza kumuuza mtu bila ya ardhi yake, kumtenga na jamaa zake, kumwoza atakavyo. Kuhusu Nikolai Sheremetev, hesabu zitajwazo mara nyingi katika vitabu vya historia hukaribia watwana 200,000, wanaume kwa wanawake. Msomaji na asimame kidogo juu ya tarakimu hiyo. Ni watu wa mji mzima, na wote walikuwa mali ya mtu mmoja aliyependa kupiga zeze la Kizungu.

Wengi wao hawakuwahi kuliona jumba lolote la bwana wao. Waliishi vijijini, mbali, nao walilipa kodi ya fedha iitwayo obrok. Kijiji cha Ivanovo, kilichokuwa cha ukoo huo, kilikuja kuwa kituo kikubwa cha kufuma na kupiga chapa vitambaa. Wakatokea huko watwana waliokuwa na viwanda vyao na vibarua wao, matajiri kwa kila kipimo, ila tu wao wenyewe walikuwa bado mali ya mtu. Waliotaka kujikomboa walimlipa bwana fedha nyingi mno. Hizo ndizo fedha zilizonunua vioo vya Ostankino. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba mwenye kulipa ndiye mjenzi. Tukubali hivyo, kisha tumwulize: aliyelipa ni nani?

Tunajua hata hivyo kwamba hoja ya mwenye kulipa ina upande mmoja wa haki, na hatutaki kuikimbia. Katika Kiswahili cha kila siku twasema, "Juma amejenga nyumba," ilhali Juma hakugusa hata tofali moja. Aliajiri fundi, akamlipa ujira, fundi akaenda zake. Hakuna anayedanganyika, na hatuwataki walimu wamkosoe mtoto asemaye hivyo. Fundi wa Juma alipatana bei, na angeweza kukataa kazi. Mkataba huo umo ndani ya neno "amejenga" hata kama hautajwi. Lakini neno hilo hilo likihamishiwa kwa mtu aliyemiliki jengo na mjenzi pamoja, linabeba mkataba ambao haukuwapo. Linampa mtwana uhuru wa kupatana bei, uhuru ambao hakuwa nao, ili kumpa bwana sifa ambayo si yake. Hapo lugha haina budi kubadilika.

Sasa tuingie Ostankino, kaskazini ya Moscow, mahali ambapo jina lake watu wengi hulisikia kwa ajili ya mnara wa televisheni uliokamilika mwaka 1967, wenye urefu wa meta 540. Jumba lililo karibu na mnara huo ni la kati ya miaka 1792 na 1798. Nalo pia ni la mbao, za msonobari. Moyo wake ni ukumbi wa michezo ya kuigiza. Nikolai Sheremetev alikuwa na kikundi cha opera cha watwana wake, waimbaji, wachezaji na wapiga ala, na jumba zima lilibuniwa kwa ajili ya kikundi hicho. Sakafu ya ukumbi iliweza kubadilishwa pakawa mahali pa kuchezea dansi. Juu na chini ya jukwaa kuliwekwa mitambo ya kubadilisha mandhari, ya kutoa sauti za radi, mvua na upepo, na mtambuzi wa mitambo hiyo alikuwa mtwana, Fyodor Pryakhin. Nguzo zionekanazo kuwa marumaru ni mbao. Baadhi ya mapambo yaonekanayo kuwa shaba na dhahabu ni karatasi iliyopondwa ikagandishwa, ikachovywa rangi. Ustadi uliohitajiwa kuifanya mbao iseme kama jiwe ni mkubwa kuliko ule wa kulichonga jiwe lenyewe, na ustadi huo ulikuwa mikononi mwa watu ambao katika daftari la mwinyi waliandikwa pamoja na mali nyingine. Ukumbi ulifunguliwa Julai 1795 kwa opera ya kusifu ushindi wa Warusi juu ya Waturuki katika ngome ya Izmail.

Nani, basi, alijenga Ostankino? Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa sababu upande wa pili nao una upotoshaji wake. Katika zama za Kisovieti jumba hilo lilifanywa jumba la makumbusho ya ubunifu wa watwana. Jina hilo lilitangaa tangu miaka ya 1930, na wenzetu waliosoma katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, huenda walipelekwa kulitazama wakaelezwa kwamba kila ufito ulibuniwa na mtwana. Lilikuwa jina jema, na kwa mara ya kwanza lilimpandisha mpishi kutoka ghorofa ya chini. Lakini ukweli una watu wengi zaidi. Wasanifu huru walioajiriwa kwa ujira, miongoni mwao Waitaliano Francesco Camporesi na Vincenzo Brenna, walitoa michoro. Watwana Pavel Argunov, Alexei Mironov na Grigory Dikushin walisimamia ujenzi, wakarekebisha michoro hiyo ilingane na mahali na haja ya ukumbi, wakabuni yao. Kisha wakaja maseremala, wachongaji na wapaka dhahabu, wengi mno, ambao majina ya walio wengi hayako katika kitabu chochote cha kusomeka. Basi kama twataka sentensi ya haki, Kiswahili kinatupa bila taabu: Nikolai Sheremetev alijengesha, Camporesi na Brenna walichora kwa ujira, Argunov na wenzake walijengeshwa. Vitenzi vitatu vyatosheleza kazi ambayo lugha nyingine zingeieleza kwa aya nzima, nasi tunavyo, twavifundisha, na hatuvitumii.

Ukoo huo wa Argunov peke yake ungetosha kuwa somo la mwaka. Fyodor, tuliyemtaja Kuskovo, alifanya kazi pia katika nyumba ya Fontanka pamoja na msanifu huru Savva Chevakinsky. Ndugu yake wa ukoo, Ivan Argunov, aliyezaliwa mwaka 1729, alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa sura za watu katika Urusi ya wakati wake. Alimfundisha Anton Losenko, aliyekuja kuwa mkufunzi katika Chuo cha Sanaa cha St. Petersburg. Mwanafunzi akapanda, mwalimu akabaki mtwana. Wanawe Ivan, Pavel na Nikolai, mmoja akawa msanifu, mwingine mchoraji. Na mzee huyo, mwenye mkono ule, katika miaka ya mwisho ya maisha yake alipewa kazi ya kusimamia nyumba ya bwana Moscow, kuhesabu mishumaa na kuni. Hatujui kosa gani lingine dhidi ya sanaa lililo kimya kama hilo.

Twaja kwenye hadithi ambayo kila mara hutolewa ili kutunyamazisha. Watu husema: "Lakini Nikolai Sheremetev alimwoa mtwana!" Ni kweli. Praskovia Kovalyova alizaliwa mwaka 1768, binti wa mhunzi aliyekuwa mali ya ukoo. Alichukuliwa akiwa mtoto mdogo, akaletwa Kuskovo, akafundishwa kuimba, kucheza, Kiitaliano na Kifaransa. Alipanda jukwaani mwaka 1779, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1787 Malkia Catherine wa Pili alimsikia akiimba Kuskovo, akampa pete. Mwaka 1798 alipata hati ya uhuru, na Novemba 1801 mwinyi akamwoa kwa siri. Februari 1803 akamzaa mtoto wa kiume, Dmitri, na wiki chache baadaye akafa, na miaka thelathini na mitano hajaitimiza. Hospitali na makao ya maskini aliyoyajengesha mumewe Moscow, na ambayo baada ya kifo chake yalifanywa kuwa kumbukumbu yake, yalifunguliwa mwaka 1810 nayo yasimama hadi leo.

Ni hadithi ya kusikitisha, na hatuna sababu ya kumkana mtu mapenzi yake. Tunachokataa ni kuifanya hadithi hiyo kuwa jibu. Ili ndoa hiyo iweze kusemeka, kulitungwa nasaba ya uongo iliyomtoa Praskovia katika ukoo wa mamwinyi wa Poland walioitwa Kovalevsky. Tajiri yule, aliyeweza kuigeuza mbao kuwa marumaru na radi kuwa mtambo, hakuweza kutamka hadharani sentensi fupi: "Mke wangu ni binti wa mhunzi." Na mtoto waliyemzaa, Dmitri, alirithi watwana wale wote. Aliwamiliki, yeye mwana wa mwanamke aliyezaliwa mtwana, hadi utwana ulipofutwa kwa amri ya Tsar Alexander wa Pili mwaka 1861. Mapenzi ya mtu mmoja kwa mtu mmoja hayakufungua mlango wa ghorofa ya chini.

(Walimu wetu wapendao kumtaja Pushkin kwa sababu ya babu wa mama yake, Abram Gannibal, Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, wakumbuke pia kwamba Gannibal huyo alipopewa ardhi na Malkia Elizabeth mwaka 1742, alipewa na wakulima waliokuwa juu yake. Twafurahi kuwa na jamaa katika fasihi ya Urusi. Tusimwongezee utakatifu.)

Kuna jambo moja katika habari hizi ambalo kwa msemaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa, na ajabu ni kwamba kifungu kile cha ufahamu kimelitaja kama pambo tu. Waigizaji wa kike wa Sheremetev hawakuachiwa majina yao jukwaani. Praskovia Kovalyova aligeuzwa Zhemchugova, kutokana na zhemchug, yaani lulu. Wengine waliitwa Granatova, Biryuzova, Izumrudova, kila mmoja kwa kito chake. Na tazama maneno hayo. Biryuza ya Warusi na feruzi yetu ni neno moja, lililotoka Uajemi likapanda kaskazini kwa Waturuki hata likafika Moscow, likashuka kusini kwa Waarabu hata likafika pwani yetu. Izumrud na zumaridi vilevile. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anaweza kulifanya hilo kuwa kipindi kizuri cha historia ya maneno.

Lakini asiishie kwenye maneno. Katika Unguja na mwambao wa karne ya 19 watumwa nao waliitwa kwa majina ya vito: Feruzi, Almasi, Marjani. Bwana hakumwita mtumwa wake kwa jina la babu yake wa Kinyamwezi au wa Kiyao. Alimwita kwa jina la kitu cha thamani kinachomilikiwa na kuvaliwa. Majina hayo yalisafiri na misafara kuingia bara, yakavuka Ziwa Tanganyika, na hata leo yapo katika Kongo ya mashariki kama majina ya ukoo ya watu wenye heshima zao, nasi twawafundisha watoto wao. Mtoto aitwaye Feruzi akisoma darasani kwamba mwinyi wa Urusi "aliwapa waigizaji wake majina mazuri ya vito", kisha mwalimu akapita haraka kwenye swali la pili, mtoto huyo amenyimwa jambo lililo lake. Hatusemi kwamba mambo mawili hayo yalikuwa na chanzo kimoja. Sheremetev hakujifunza kwa Waomani wala Waomani kwa Sheremetev. Twasema tu kwamba mwenye kumiliki watu, akiwa katika theluji au penye minazi, alifikia desturi ile ile ya kutaja, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana masikio ya kuisikia desturi hiyo upesi kuliko msomaji wa lugha nyingi.

Tulipolileta jambo hili katika mazungumzo na baadhi ya wenzetu, wako waliotaka kifungu kile kifutwe kabisa, wakisema kwamba majumba ya wanyonyaji hayastahili kusifiwa mbele ya watoto wetu. Hatuungi mkono. Anayelificha jumba anamficha pia seremala wake. Pavel Argunov alikufa mwaka 1806, bado mtwana, na alichobakiza ni jumba hilo. Ukilifuta kwa ghadhabu dhidi ya bwana, umemfuta yeye mara ya pili. Tena majumba hayo ni mazuri, na mwalimu asione haya kusema ni mazuri. Sakafu za Ostankino zilizotungwa kwa mbao za rangi mbalimbali ni kazi ambayo fundi yeyote wa kwetu angepiga magoti kuitazama kwa karibu.

Tunachotaka ni kifungu kilekile, kirekebishwe. Pale paliposemwa "alijenga", paandikwe "alijengesha", na mafundi wanaojulikana watajwe kwa majina yao kamili, kama anavyotajwa bwana. Wasiojulikana waitwe mafundi, maseremala, wachimbaji, wala wasifichwe nyuma ya "lilijengwa". Swali la kwanza libaki kama lilivyo, maana ni swali zuri kupita yote yaliyomo. Kinachopaswa kubadilika ni jibu lililo katika daftari la mwalimu. Na liongezwe swali la sarufi, la kuwataka wanafunzi watunge sentensi juu ya Ostankino kwa kutumia jengesha, jengeshwa na jengewa, kisha waeleze katika kila sentensi ni nani mwenye nguvu na ni nani asiye nayo. Twaamini watajifunza mnyambuliko katika kipindi kimoja kuliko walivyojifunza katika muhula.

Na kwa wale walimu ambao wangependa kuwaonyesha wanafunzi picha pamoja na kifungu, iko moja ambayo twaipendekeza kuliko picha za majumba yenyewe. Inamwonyesha Praskovia Sheremeteva mwishoni mwa maisha yake, mjamzito, amevaa joho refu la mistari, uso umechoka, hana kito ila picha ndogo ya mumewe shingoni. Mchoraji ni Nikolai Argunov, mwana wa Ivan. Aliyechorwa alikuwa mke halali wa mwinyi. Aliyechora alikuwa bado mali ya nyumba hiyo, akapata uhuru wake mwaka 1816.